Sendofu ya Vidonge vya Genoveva

Kule Chanika ya ndani, ambako nyumba inaweza kukaa miaka bila plasta lakini geti lake tayari lina simba wawili wa bati, mwanamke anasamehewa mengi. Anasamehewa mdomo. Anasamehewa kuchelewa jumuiya. Hata kuku wake akifukua mchicha wa jirani, yataisha. Asichosamehewa ni kubadilika rangi bila maelezo.

Genoveva alibadilika. Alikuja mjini kutoka Peramiho akiwa mweusi wa kung'aa, weusi ule usiodai mafuta, akaolewa na Erasmus, karani wa bandarini, wakajenga Chanika, akaweka cherehani barazani. Akazaa mtoto mmoja, Anna, ambaye sasa yuko bweni. Halafu akaugua. Tumbo upande wa kushoto likajaa kama kameza tikiti, jasho la usiku likawa linalowesha godoro, mwili ukaisha. Hospitali kubwa ya mjini wakampima damu, wakamwambia ana saratani ya damu, ile ya taratibu, isiyo na haraka ya kuua lakini haisahau anuani. Wakampa kidonge cha kumeza kila siku.

Kidonge kikafanya kazi. Tumbo likashuka, jasho likakauka, Genoveva akarudi kwenye cherehani yake. Dokta alimweleza kwamba dawa hizi mpya hazimwagi sumu mwili mzima. Zinailenga seli mbovu tu, kama mgambo aliyepewa picha ya mtuhumiwa. Sawa. Lakini mgambo ni mgambo. Akiwa njiani kumkamata mtuhumiwa, meza ya nyanya ya mama wa watu nayo itapigwa teke. Kwa Genoveva, meza ya nyanya ilikuwa rangi. Ngozi ikaanza kufifia shingoni, ikapanda mashavuni, na kila asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyelia usiku kucha.

Mtaa ukatoa hukumu bila kuita mashahidi: mkorogo. Na mke wa karani akijichubua, swali linalofuata linajulikana: anajichubulia nani?

Genoveva hakujibu. Ugonjwa wake waliujua watu watatu tu. Wa kwanza mumewe. Wa pili Mauwa, jirani yake wa barazani, Mngindo wa Liwale, muuza vitumbua, ambaye kwa kuwa Wangindo na Wangoni, kabila la Genoveva, ni watani alikuwa na leseni ya kumtukana asubuhi, mchana na jioni. Wa tatu Benedicta, dada mkubwa wa Erasmus, mwenyekiti wa kila kamati iliyowahi kuundwa kuanzia Chanika mpaka Pugu. Benedicta akiona watu watatu wamesimama chini ya kivuli, huwauliza nani mweka hazina.

Huyu Benedicta ndiye aliyemsindikiza Genoveva hospitalini siku ile habari ya kuacha dawa ilipoanza.

"Mama Anna," dokta alisema, "kwa miaka sasa kila tukipima damu yako, ugonjwa hauonekani. Umemeza vizuri sana. Tunaweza kujaribu kusimamisha dawa."

Genoveva alishika ukingo wa meza. "Nimepona?"

"Sijasema umepona. Nimesema hauonekani. Wenzako wengi waliosimamisha, karibu nusu yao ugonjwa ulirudi, tena mara nyingi ndani ya miezi ile ya mwanzo. Ndiyo maana utakuja kupima kila mwezi. Ukirudi, na sisi tunarudi kwenye kidonge mara moja, na mara nyingi unatulia tena. Kikubwa usichelewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dokta."

"Kwa hiyo kwa kifupi," Benedicta akaingilia, "amepona."

"Kwa kifupi, mama, tunajaribu."

Benedicta aliitikia kwa kichwa, kidole kikiwa tayari kwenye simu. Alisikia vizuri kabisa, masikio yake hayana tatizo. Ila kamati haichangishi kwa neno "tunajaribu". Kabla hawajafika getini, kundi lilikwisha funguliwa, jina lake "Shukrani ya Mama Anna", na watu walikuwa wanaingizwa kama mchele kwenye gunia.

"Wifi, tungesubiri kidogo," Genoveva alisema.

"Shukrani haisubiri. Mungu akikumiminia chai, unamwambia ngoja ipoe?"

Basi Dar ndiyo ilivyo. Binti akiolewa ana sendofu, mwalimu akistaafu ana sendofu, sasa ikawa zamu ya vidonge. Kamati ikakaa. Kitenge cha sare kikachaguliwa, cha bluu chenye ndege wa njano, na kwa kuwa fundi yumo ndani ya nyumba, zote alishona Genoveva mwenyewe. Sijui kama kuna mgonjwa mwingine nchi hii aliyewahi kushona sare za kupona kwake. Alishona huku akipiga hesabu ya vifua na viuno vya wanawake walewale waliomwita mchubuaji, na hakumbana hata mmoja. Hapo ndipo utajua alikuwa na moyo gani.

Siku yenyewe ng'ombe alianguka. Maturubai yakafungwa, spika zikalia mpaka bati za jirani zikacheza. MC Badru, kijana mwenye suti iliyokuwa inambana na mdomo uliokuwa haumbani, akatangaza:

"Mabibi na mabwana, bi harusi mmemwona. Bwana harusi, huyu mkorofi aliyelala naye miaka yote hii, analetwa sasa hivi! Msimsalimie! Leo tunampa talaka!"

Likaletwa kopo tupu la vidonge, limefungwa utepe, juu ya sinia, likisindikizwa na singeli. Wanawake wa bluu wakalizunguka. "Aende?" MC anauliza. "Aendee!" wanajibu. Likatupwa motoni. Plastiki ikatoa moshi mweusi, wakongwe wakakohoa, vigelegele vikazidi.

Kisha Genoveva akapewa kipaza sauti, na hapo ndipo alipojifunga kamba kwa mkono wake.

"Huu weupe mlionisema," alisema, "haukuwa mkorogo. Ulikuwa wa vidonge. Sasa nimeviacha. Mtaniona nikirudi kwenye rangi yangu, ndipo mtajua."

Watu walilia. Mama mmoja wa jumuiya, Apolonia, aliyeanzisha neno la mkorogo tangu siku ya kwanza, alimkumbatia akambusu mashavu yote mawili. Erasmus alicheza mpaka shati likachomoka. Ilikuwa siku nzuri, tusiinyime haki yake. Ubaya wa siku nzuri ni kwamba watu huzipiga picha.

Wiki zilizofuata Genoveva aliumwa viungo. Magoti, mabega, vidole, kama kapigwa kwa fimbo. Alipokwenda kupima, dokta akamwambia baadhi ya wanaoacha kidonge hupata maumivu hayo, yatapita, damu yake bado safi. Yakapita. Na rangi ikarudi. Ilianza mikononi, ikapanda shingoni, mpaka siku moja Benedicta akamshika kidevu katikati ya gulio na kumgeuza huku na huku kama mtu anayekagua sufuria: "Oneni! Oneni kazi ya maombi!"

"Mtani," Mauwa akamwambia walipobaki wenyewe barazani, "angalia wasije wakakununua."

Ilichukua miezi michache. Siku hiyo Genoveva alikuwa anatia uzi kwenye sindano simu ilipoita. Dokta hakuzunguka.

"Mama Anna, ugonjwa umeanza kuonekana. Bado kidogo. Njoo."

Alikwenda. Wakarudia kipimo, kikasema vilevile. Akapewa kopo jipya, akaambiwa aanze leo hiihii, baada ya chakula, na maji mengi. Alirudi nalo Chanika kwenye mkoba, akaliweka kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini na vifungo, akasubiri mumewe arudi kazini.

Erasmus alisikiliza akiwa bado na viatu. Kisha akauliza: "Da Bene ameshajua?"

Si "unajisikiaje". Si "umeshameza". Da Bene ameshajua.

"Hajui."

"Basi subiri kidogo, mama. Jumapili ijayo mtoto wake ana kipaimara, watu wote wa kamati watakuwepo. Ukianza kufifia sasa hivi…" Akafungua kamba za viatu polepole. "Siku chache haziui."

Kipaimara kikapita. Genoveva akaona bora amalize, akamwambia wifi yake mwenyewe, jikoni, wakiosha sahani. Benedicta hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.

"Huyo ni shetani anakujaribu, wifi. Ulisema mbele ya watu umepona."

"Mie nilisema nimeacha vidonge. Kupona mlisema nyie."

"Watu wamekula ng'ombe mzima, Genoveva. Tuwaambie wamtapike?" Akapangusa mikono. "Ukimeza, wiki chache tu uso wako utasema. Watu watajua tumewadanganya. Mie nitapita wapi? Mumeo Erasmus huyo, nani atamchangia tena siku akipata shida?"

Na ndivyo kopo lilivyobaki kwenye droo. Mtu wa mbali atauliza, mwanamke mwenye akili zake anaachaje dawa kwa sababu ya wifi? Huyo hajawahi kukaa Chanika. Huku mtu akikuchangia, amenunua na haki ya kukuangalia. Genoveva alijua kidonge kingine chochote angekimeza chooni na dunia isijue. Hiki kinajitangaza usoni, na maana ya tangazo alikwisha wafundisha mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Kila akitaka kuanza, kulikuwa na sababu. Harusi ya binti wa Apolonia, na sare zake anashona yeye. Mahafali ya Anna, mtoto asije akaaibika. Noeli. Simu za hospitali zikawa zinaita mpaka zinakata. Jasho likarudi. Godoro likaanza tena kuanikwa juani, na Erasmus akawa analigeuza mwenyewe kama mtu anayefuta nyayo.

Ila fundi hawezi kumdanganya jirani wa fundi. Mauwa alikuwa anakaanga vitumbua vyake, jicho moja kwenye kikaango na jingine kwenye cherehani. Alimwona Genoveva akifumua mshono wa gauni lake la bluu, lile la sherehe, akaliachia ubavuni. Baada ya muda akamwona akilifumua tena.

"Mtani."

"Sema, mla panya."

"Mwanamke akinenepa, ananenepa pande zote mbili. Mbona wewe unaachia kushoto tu?"

Genoveva hakuinua kichwa. Mguu ukazidi kukanyaga cherehani.

"Na hilo kopo kwenye droo," Mauwa akaendelea, "unalitunzia panya wa nani?"

"Niache, Mauwa."

"Haya. Nimekuacha."

Aliposema hivyo, ujue hajaacha.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba ya Genoveva. Wanawake walijaa uani, sala zikasomwa, chai ikaanza kupita. Benedicta amekaa kwenye kiti cha mikono, wengine mikekani. Ndipo Mauwa akaingia. Mwislamu, jumuiya si yake, lakini amevaa sare ya bluu yenye ndege wa njano, beseni la vitumbua kichwani na mkeka kwapani. Akatua beseni. Akatandika mkeka katikati ya uwanja, akajinyoosha chali, akafunga macho, akaunganisha vidole gumba vya miguu kama maiti aliyefungwa.

"Mauwa, vipi tena?" mtu akauliza.

"Mie si Mauwa," akajibu kwa sauti ya Genoveva, ile ya kuburuta maneno ya mwisho. "Mie Genoveva. Nimekufa jana. Msinililie jamani, nimekufa nimekolea rangi. Njooni mniangalie mashavu, mie ndiye maiti mzuri kuliko wote Chanika."

Wawili watatu wakacheka, wakidhani utani wa kawaida. Ngindo na Ngoni hao.

"Wifi yangu mwenyekiti uko wapi? Wifi, sare za msiba msinunue. Si tunazo? Vaeni hizihizi. Mshono mimi mwenyewe, sijambana mtu. Na MC awe yuleyule, aulize 'Aende?', nyie mjibu…"

Kikombe kimoja kilianguka.

Benedicta akasimama. "Mauwa! Huna adabu?"

Mauwa akafumbua jicho moja. "Shikamoo, dada. Utani hauna adabu, una desturi. Siku ya kumzika huyu, mie nitalala ndani ya kaburi lake, na hamtamshusha mpaka mnipe kuku. Mnalijua hilo. Sasa nimeona mnachelewa. Mmeulisha mtaa mzima ng'ombe mkamsahau mtani, nimekuja kuchukua kuku wangu mapema kabla hajafa mwenye kuku."

Akainuka, akajikung'uta, akaenda moja kwa moja barazani, akafungua droo, akamwaga bobini chini. Akarudi na kopo, kibandiko chake hakijachanika, akalitua mapajani mwa Genoveva. Akachukua kitumbua akamwekea kiganjani.

"Kula. Halafu meza. La sivyo naanza kulia, na mie nikilia Liwale wanafungua madirisha."

Genoveva alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri mwanzoni, kile cha barazani, kisha kikamponyoka, kikawa kitu kingine, mabega yakawa yanapanda na kushuka na kitumbua kimepondeka mkononi. Akala alivyokiponda. Akafungua kopo kwa meno. Akameza mbele yao wote, akanywa kikombe chote cha maji, akaacha kinywa wazi, wamkague kama watoto wa shule.

Apolonia ndiye aliyesema kwanza, tena kwa kunong'ona kulikosikika mpaka barabarani: "Kumbe hakupona."

Benedicta akachukua mkoba wake. Jioni ile Genoveva aliondolewa kwenye kundi la "Shukrani ya Mama Anna". Ndiyo, kundi lenye jina lake. Lilibaki na watu wote isipokuwa mwenye shukrani.

Jumatatu alikwenda hospitali. Dokta alibonyeza ubavu wa kushoto, akaangalia majibu, akayaangalia tena.

"Ungemeza tangu ile siku nilipokupa kopo…" akasema, akaishia hapo. Kisha akaeleza kwamba ugonjwa umepata nafasi ya kukomaa, kidonge cha zamani peke yake hakitautosha sasa, atampa kingine chenye nguvu zaidi, na chenyewe kina makali yake. Wataona. Neno lilikuwa "tutaona", na Genoveva safari hii alilisikia jinsi lilivyo.

Miezi imepita. Bandama, ile iliyojaza ubavu wa kushoto, imeshuka, si yote. Damu inatulia kwa kusuasua. Uso nao umefifia, zamu hii kwa mabaka, maana kidonge kipya hata kuchubua hakijui vizuri. Sare za kipaimara cha mwaka huu zilishonwa Gongo la Mboto. Harusi nayo hivyohivyo. Wanaomletea kazi ni wapita njia, zipu ya suruali, pindo la pazia. Erasmus anasema siku hizi meli ni nyingi bandarini, anarudi nyumba imelala. Mauwa yupo. Hajawahi kuwa mpole hata siku moja. Kila asubuhi akiwasha jiko huuliza kama kuku wake bado anakua.

Juzi dokta alifurahia majibu. "Tukienda hivi, Mama Anna, ukatulia kabisa, miaka ijayo tunaweza hata kufikiria kusimamisha tena."

Genoveva alimtazama kwa yale macho yake yaliyovimba.

"Niache niumwe, dokta. Kuumwa nimezoea. Kupona ndiko kulikotaka kuniua."

Akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la dirisha la dawa. Pembeni yake alikaa binti mdogo mdogo, kamsindikiza mgonjwa wake, kucha ndefu, simu mkononi. Binti alimwangalia, akaangalia simu, akamwangalia tena, mwisho akashindwa.

"Shikamoo mama. Samahani, eti unatumiaga losheni gani? Mbona umetakata hivyo?"

"Marahaba," Genoveva alisema. Wakati huohuo jina lake likaitwa dirishani. Alinyanyuka kwa kushika ubavu, gauni la bluu likamlegea upande wa kushoto, pale alipoliachia.

"Ya kumeza, mwanangu. Usiitafute."